Nta Isiyoguswa na Wembe

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Diwani, mashehe na mapadre wetu, madaktari wenzangu, wakazi wa Temeke, na wewe Gozbert, mwanafunzi wangu wa zamani na mwenye maabara tunayoifungua leo: nawasalimu. Niwieni radhi nikizungumza huku nimeshika meza.

Nimeombwa nisifu kipimo kilichotangazwa pale mlangoni, kipimo cha vipokezi vya saratani. Juu ya chembe za mwili pana vipokezi, mfano wa mwenye nyumba anayesikiliza hodi: mjumbe akibisha, huitikiwa, na agizo la kukua hupelekwa ndani. Katika baadhi ya saratani za titi vipokezi huzidi mno, na chembe huitika "karibu" hata pasipo aliyebisha. Mwaka jana dawa ya kuviziba ilianza kutumika ng'ambo. Je, ni jambo dogo kujua nani anavyo na nani hana?

Sasa niseme nililowaficha hata wanangu. Nina saratani ya titi, nayo imekwisha fika mapafuni. Kabla ya Pasaka nilipeleka kipande cha nyama yangu kwenye maabara ya kwanza ya Gozbert kule Mwenge, nikiwa nimekigandisha kwenye nta mwenyewe. Baada ya siku chache akaniambia, "Mama, vipokezi unavyo tele. Subiri dawa, tunaiagiza."

Nikamuuliza, "Mmekikata?"

"Mama nawe! Mashine mpya ile, si wembe wenu wa enzi za foleni ya sukari!"

Tukacheka. Kisha nikaomba kipande changu, akanirudishia. Kipimo hiki hakifanyiki bila kuikata nyama iwe nyembamba kuliko karatasi, na uso wa nta lazima ubaki umechongwa. Wa kwangu ulikuwa bado na alama ya dole gumba langu, kama nilivyoibonyeza.

Nikusifu kwa lipi, mwanangu? Kwa macho yanayosoma nyama kabla ya kuikata?

Mimi nakwenda, sidai dawa. Lakini mstari wa tatu ameketi Mwamvita wa Tandika, mgonjwa wa titi kama mimi. Getini ameniambia ameacha mionzi. Nikamwuliza nani kamshauri. "Daktari Gozbert mwenyewe, bibi. Kasema nimebahatika, nisubiri hiyo dawa."

Ndugu wageni, huenda nimekosea. Huenda ni changu peke yake kilichosahaulika rafuni, na vya wengine vyote vilikatwa. Natamani iwe hivyo. Ndiyo maana sitaki mniamini mimi.

Mwamvita, mwanangu, kesho asubuhi rudi kwenye mionzi, usisubiri mtu. Nawe Gozbert, kipande changu hiki hapa ndani ya leso, na mashine yako iko nyuma ya pazia lile. Lifungue. Kikate mbele ya Mheshimiwa, sote tukiona, ndipo uje na mkasi wa utepe.

Asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Msinipe kiti bado. Nitakaa nikiusikia wembe.