Miaka Thelathini na Minne Mbele ya Mashine ya Kukereza: Tunamuaga Mama Robo

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mkerezaji vyuma wetu mkuu anastaafu baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili ya utumishi. Jina lake kamili liko kwenye faili la ofisi, na huenda ni karani peke yake anayelikumbuka. Sisi wengine tunamwita Mama Robo.

Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza akiwa fundi. Anayekata nyuzi, ile mifereji ya kushika bolti, ndani ya tundu kwa mkono hasukumi mbele tu mpaka mwisho. Huzungusha nusu, kisha hurudi nyuma robo ili chembe za chuma zikatike na kudondoka. Yeyote aliyesahau alisikia sauti yake kutoka upande wa pili wa karakana: "Robo! Rudisha robo!" Wenye haraka walivunja vifaa. Wenye kusikia walijifunza kazi.

Alianza akiwa mfagiaji wa karakana. Kila asubuhi, jua lilipopenya kwenye madirisha ya juu na vumbi kuelea kama limelala usingizi, alizoa zile tepe za chuma zilizojikunja chini ya mashine. Badala ya kuzitupa alizitazama. Aligundua kwamba chuma cha pua hutoka kama utepe mrefu, mwingine wa rangi ya bluu kwa joto. Kwamba chuma cha kusubu hutoka kama unga mweusi. Na kwamba shaba ya njano hurukaruka vipande vidogo vinavyong'aa. Siku moja fundi mkuu wa wakati ule alimkuta akipanga vipande hivyo dirishani. Akamuuliza ni nini hicho. Akajibu, "Natazama mashine imekula nini leo, mzee." Wiki iliyofuata alipewa ovaroli.

Akiwa kazini ungedhani yuko mbali. Macho yalikuwa kwenye ncha ya kisu, maji meupe ya kupoza yakitiririka, mashine ikiimba wimbo wake mmoja usiobadilika, naye ametulia kama mtu anayesikiliza mvua juu ya bati. Kumbe anasikia kila kitu. Mlio ukipanda kidogo tu, mkono wake ulishafika kwenye swichi.

Watu wa nje walimjua pia. Walikuja na bolti mifukoni: mwenye mashine ya kusaga, mchimba visima, fundi baiskeli. Fundi majiko wa hoteli moja alikuja amekasirika, akitaka kujua kwa nini nati zake za chuma kisichoshika kutu zinakwama kabla hazijakaza. Mama Robo alicheka. "Bolti na nati yako ni ndugu wa tumbo moja. Wakibanwa kwa haraka hushikamana, hata spana haiwaachanishi. Paka grisi, funga polepole, au tafuta nati ya chuma cha aina nyingine." Yule bwana aliondoka akitabasamu, na hajawahi kurudi na malalamiko.

Lakini kuna asubuhi moja ambayo lazima niieleze, kwa sababu inanihusu mimi ninayeandika haya.

Ulikuwa mwaka wake wa kumi na tisa, nami ni fundi pampu mwenye miezi mitatu tu kazini, bado niko kwenye majaribio, mke wangu ana mimba ya pili. Pampu ya maji ya hospitali ilipata shafti mpya na nati yake kutoka kwetu, nikaifunga mimi. Baada ya siku nne nati ilifunguka na feni ya ndani ikachomoka. Nikaifunga tena kwa nguvu zangu zote. Ikachomoka tena. Wodi ya wazazi ikawa inabebewa maji kwa ndoo. Kikao kikaitishwa, na barua yangu ya kufukuzwa ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa.

Shafti ilikuwa imerudishwa karakana asubuhi hiyohiyo. Mama Robo aliipeleka dirishani, akaigeuza taratibu kwenye mwanga. Nyuzi zilikuwa safi, hazijakatika hata moja. Maana yake nati haikung'oka, ilifunguka yenyewe. Kisha akaja kikaoni na aproni yake yenye oili, shafti mkononi, na hakungoja kupewa nafasi.

"Bosi, fundi huyu hana kosa. Shafti hii nilikereza mimi."

Mkuu wa karakana alimwambia, "Mama, hakuna aliyekutaja."

"Ndiyo maana najitaja. Pampu ile inazunguka upande unaofungua nyuzi za kawaida. Ilitaka nyuzi za kushoto, zile zinazozidi kukaza ikizunguka. Ya zamani ililetwa ncha imeliwa na kutu, nyuzi hazionekani, nikakata kwa mazoea, sikuuliza. Hata angefunga na watu kumi, ingefunguka."

Barua ilichanwa. Yeye aliandikiwa onyo, na cheo cha usimamizi alichokuwa akikaribia kikachelewa miaka miwili. Hakulalamika. Siku ileile alikereza shafti nyingine, nami nikaifunga jioni. Maji yalipopanda kwenye mabomba ya hospitali, alinigusa bega, akasema, "Nenda nyumbani, baba. Mama watoto anakusubiri." Tangu hapo kila fomu ya kazi hapa ina swali aliloliomba yeye: Kinazunguka upande gani?

Sikupata kumshukuru vizuri. Siku ile niliondoka mbio kwenda nyumbani, na baadaye nikaona haya. Asante, Mama. Mtoto yule aliyekuwa tumboni sasa yuko kidato cha pili.

Mumewe ni fundi cherehani, kwa hiyo nyumba yao imelelewa kwa nyuzi za aina mbili, na mabinti wao wawili walikua wakidhani kila mtu duniani hula kwa uzi. Mume huyo ndiye aliyetuibia siri: mlango wa uani nyumbani kwa mkerezaji wetu mkuu umefungwa kwa kamba mwaka wa sita sasa, unangoja bolti. Mama Robo amekiri mashtaka. Ameahidi kuanza na huo mlango Jumatatu, akishaamka, na ameonya kwamba siku hiyo hataamka mapema.

Mama Robo, kwa kila chuma kilichopita mikononi mwako na kila mtu uliyemsimamia, pokea shukrani zetu sote. Tunakuombea afya, usingizi mtamu na asubuhi ndefu zisizo na king'ora. Ukitukumbuka, pita. Chai ipo.