Ndoo ya Simu Nne

Benchi lilikuwa ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, ukutani mwa kibanda cha fundi simu, na lilikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: kivuli kikihama, watu nao huhama. Asubuhi walikaa upande wa mlango, na ilipofika saa sita walikuwa wamekwisha kusogea, kikombe mkononi, hadi upande wa mtaro, huku huyu akimruka yule na yule akirudi katikati. Kanuni ya pili ilizaliwa na ugonjwa. Ofisi ya soko ilipoamuru kila mwenye simu ya kisasa aweke ile programu ya kumjulisha mtu kwamba amekaribiana na mgonjwa, wanabenchi waliiweka siku hiyo hiyo, wakaipa jina la Mama Mkwe, kwa sababu ilitaka kujua umetoka wapi, umekaa na nani na kwa muda gani. Kisha, kila asubuhi kabla ya kikombe cha kwanza, wakawa wanazitia simu zao nne katika ndoo ya plastiki iliyowahi kuwa ya rangi ya kuta, wanaifunika, na kuisukuma chini ya meza ya fundi simu. Hivyo waliitii amri kwa simu wakaiasi kwa ndoo, na dhamiri zao zikawa safi pande zote mbili.

Siku hiyo wa mwisho kufika alikuwa fundi viatu, ambaye benchi lilimwita Gundi. Aliitumbukiza simu yake ndooni kwa mkono mmoja tu. Mkono wa pili ulikuwa mfukoni, umeshika jozi ya viatu ambavyo kila kimoja kilitoshana na kidole gumba chake.

— Lete tuone, alisema Mama Kahawa, akimmiminia. Unavificha kama umeviiba.

Gundi alivitoa. Ngozi laini ya mbuzi, mshono wa mkono, kamba nyembamba kama uzi wa nyavu. Mjukuu wake wa kwanza alikuwa amezaliwa wiki tano nyuma, miezi miwili kabla ya wakati wake. Hospitali haikuruhusu wageni, na Gundi alikuwa hajamwona ila kwa picha, mtoto kalala kwenye sanduku la kioo na mirija puani. Leo alasiri angeruhusiwa kwenda nyumbani. Mkwewe angempitia Gundi saa sita, na saa tisa Gundi angempakata mtoto.

— Hongera, babu, alisema kinyozi. Lakini huko unakokwenda, simu utaiacha?

— Nitaibeba. Binti yangu ameniomba.

— Hapo ndipo wanapokupatia! alisema kinyozi, ambaye waliomjua walimwita Setelaiti.

Gundi alivirudisha viatu mfukoni. Binti yake ndiye aliyemwekea hiyo programu kwa mkono wake, langoni mwa hospitali, akamwambia: "Baba, wengine waione ya serikali. Wewe ione ya mtoto. Mapafu yake bado machanga. Ikikaa kimya wiki mbili kabla hatujatoka, utambeba." Gundi aliahidi. Siku ya kwanza alikaa nayo mfukoni, na benchi likamwita Bwana Antena hadi jioni. Siku ya pili aliitia ndooni. Na ni kweli, kwa wiki mbili ilikuwa kimya kabisa.

— Mimi nimekaa masjala miaka thelathini na moja, alianza karani mstaafu aitwaye Faili, akijinyoosha kama aliyeitwa kutoa ushahidi. Hakuna karatasi inayofunguliwa bure. Ukiona mtu anaandika umekaa na nani, ujue kuna jalada. Na jalada likifunguliwa, halifungwi.

— Ndani yake wataandika nini? aliuliza Mama Kahawa. "Saa mbili alikunywa kahawa. Saa tatu alikunywa nyingine"?

— Naam! Na wataambatisha vielelezo.

— Kikombe changu?

— Mama, usifanye mzaha na nyaraka.

— Majalada ni mambo ya kale, alidakia Setelaiti. Huko juu kuna chombo, jicho lake pana kama uwanja wa mpira. Kinaangalia utosi. Mimi kinyozi bwana, utosi naujua! Kila mtu ana mzunguko wake wa nywele, haufanani na wa mwingine. Simu inasema huyu yupo hapa, chombo kinapiga picha ya utosi, kazi imekwisha.

— Ndiyo maana huvui kofia?

— Ulidhani kwa nini?

— Tulidhani ni upara.

Hata Faili alicheka, na barakoa yake, ambayo tangu asubuhi ilikuwa ikilinda kidevu, ikadondokea shingoni. Kutoka ndani ya kibanda alichungulia fundi simu, yule waliyemwita Chaji, kibisibisi kikiwa sikioni.

— Nyie mnaongea kama wateja, alisema. Mimi nazipasua hizi nazijua matumbo. Simu mbili zikikaribiana zinasalimiana. Hilo ni kweli, sibishi. Sasa jiulizeni, salamu ni nini? Ni kupeana. Ugonjwa wenyewe unapita humo humo kwenye salamu. Kabla ya hii programu wagonjwa walikuwa wangapi?

— Kabla yake nani alikuwa anawahesabu? aliuliza Gundi.

— Umeona! alisema Chaji kwa ushindi, akarudi ndani. Wenzake walitikisa vichwa kwa uzito, ingawa hakuna aliyejua alichotakiwa kuona.

Saa tano na dakika ishirini ndoo ililia.

Si mlio mmoja. Ilinguruma, ikatetemeka, ikajisogeza yenyewe sakafuni kidogo kama kuku aliyefunikwa. Chaji aliitoa nje, akafunua, na simu zote nne zilikuwa zikiwaka. Kila mmoja alichukua yake. Maneno yalikuwa yale yale, herufi kwa herufi: jana, tangu saa tatu kasorobo asubuhi, simu hii ilikuwa karibu na simu ya mtu aliyethibitika kuugua, kwa dakika mia moja na tisini. Mwenye simu abaki peke yake siku kumi na nne, au hadi apimwe.

— Si niliwaambia? alisema Setelaiti, na sauti ilikuwa imempungua. Imetuona.

— Hii ni notisi, alisema Faili. Haina kumbukumbu namba, haina mhuri. Kisheria haijanifikia.

— Ni bahati nasibu, alisema Chaji. Wanabonyeza tu, atakayeangukiwa kaangukiwa.

— Bahati nasibu ya ndoo nzima? aliuliza Mama Kahawa. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vitufe, haikuweza kupokea Mama Mkwe wala mkwe mwingine yeyote. Labda ndiyo sababu aliendelea kufikiri, kisha akasema: Jana asubuhi. Yule bwana wa koti la kijivu.

Benchi zima likageukia meza ya Chaji. Walimkumbuka wote kwa pamoja. Alikuja na simu iliyopasuka kioo, Chaji akakibadilisha na kuiacha simu juu ya meza, ikiwa inawaka, ili kioo kishike. Meza ile ile. Chini yake, ndoo ile ile. Na mwenyewe alisubiri nje, akanywa kahawa, akakaa kwenye benchi, akainuka kutembea, akarudi kukaa.

— Alikuwa anakohoa, alisema Mama Kahawa.

— Alipaliwa, alisema Setelaiti. Alicheka niliposimulia habari za utosi.

— Basi ni simu zetu zilizokaa naye, si sisi, alisema Chaji kwa haraka. Hizo dakika mia na tisini ni za ndoo. Ndoo ndiyo ikae peke yake siku kumi na nne!

Gundi alitaka sana kuyaamini maneno hayo. Aliyarudia kichwani mara mbili, na mara zote mbili yalikuwa na mantiki. Simu haikuwa naye, kwa hiyo haikumshuhudia karibu na mgonjwa. Ila mara ya tatu alitambua kwamba, kwa sababu hiyo hiyo, haikumshuhudia mbali naye pia.

— Nipe nikufutie, Gundi, alinong'ona Chaji. Sekunde mbili tu. Binti yako ataona kimya, nawe utampakata mjukuu wako.

Mkono wa Gundi ulinyooka na simu. Ulibaki hewani kwa muda kidogo. Kisha ukarudi.

Saa sita kasoro dakika tano gari dogo lilisimama ng'ambo ya mtaro, akashuka mkwewe, barakoa imefunika pua na mdomo, macho mekundu ya baba aliyelala kwenye viti vya hospitali.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu.

— Baba, tumewahi. Mwenzangu amekwisha kumvalisha. Twende.

Gundi hakuinuka. Aliinyoosha simu, kioo kikitazama upande wa mtaro, na mkwewe akasogea hadi ukingo wa mtaro, akasoma. Alisoma taratibu. Chaji alimweleza habari za koti la kijivu. Faili akaeleza kwamba notisi ina kasoro. Setelaiti akaanza kueleza utosi, akaacha. Kijana aliwasikiliza wote kwa adabu mpaka wakamaliza, ndipo akauliza:

— Sawa. Na huyo bwana, hapo kwenye benchi, alikaa karibu na nani?

— Na mimi! alisema Setelaiti papo hapo. Gundi alikuwa kule mwisho kabisa.

— Mwisho gani? alisema Faili. Saa tatu mwisho ulikuwa mlangoni. Mlangoni nilikuwa mimi.

— Wewe ulikuwa katikati, alisema Chaji. Nakumbuka ulinizibia mwanga.

— Hiyo ilikuwa juzi.

— Basi kivuli kilipohama nani alimpisha? aliuliza Chaji.

— Mimi nilimpisha, alisema Setelaiti. Au nilipishwa.

— Mama Kahawa, wewe ulimpa kikombe, alisema Faili. Ulinyoosha mkono upande upi?

Mama Kahawa aliutazama mkono wake wa kulia, kisha wa kushoto, akaishusha yote miwili. Wanaume wanne walikuwa wametumia majuma mazima kumzuia mtu asijue wamekaa wapi, na walikuwa wamefaulu kupita matumaini yao yote: hata wao hawakujua.

— Baba? aliuliza kijana.

Kusema "alikaa mbali nami" kungemchukua pumzi moja. Wenzake wote walimtazama wakimwombea aseme hivyo.

— Sijui, alisema Gundi.

Alivitoa viatu mfukoni. Alivipuliza, kama alivyopuliza kila kiatu kabla ya kumkabidhi mwenyewe, kisha akakumbuka kwamba pumzi yake huenda ina ugonjwa, akavitazama, akavirudisha mfukoni.

— Nitavishona vingine, alisema. Hivi siku kumi na nne zikiisha vitakuwa vimembana.

— Nimwambie nini mwenzangu?

— Mwambie ukweli. Mwambie simu yangu ilikuwa kwenye ndoo.

Kijana alisimama kidogo, akainamisha kichwa, akarudi garini. Benchi lilifuata gari kwa macho hadi lilipokata kona.

— Lakini lile gari, alianza Setelaiti, mmeona lina kile kiantena...

Mama Kahawa aliipindua chupa juu ya kikombe cha Setelaiti. Yakatoka matone mawili na machicha.

Gundi aliiweka simu katika mfuko wa shati, akafunga kishikizo. Jua lilikuwa limeanza kuwapata miguuni. Kivuli kilikuwa kimesogea hatua nzima kuelekea mtaroni. Faili aliuangalia ubao kulia kwake, kisha kushoto, akihesabu nani amekaa wapi. Setelaiti alivua kofia, akaiweka juu ya magoti. Chaji alikaa mlangoni. Jua liliendelea kuwapanda, likafika viunoni, likafika vifuani, na hakuna aliyehama.