Kwaheri Mwalimu Chembe, Aliyezisomesha Pua

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha sayansi katika darasa lile lile la kona, Mwalimu Chembe amestaafu rasmi tarehe 30 Juni. Shule imepoteza mwalimu. Mimi, mwalimu wa hisabati niliyegawana naye ukuta muda wote huo, nimepata utulivu ambao hadi sasa sijui niufanyie nini.

Jina alipewa na wanafunzi wake wa kwanza. Aliwaambia kwamba kila kitu, kuanzia jiwe hadi jasho, kimejengwa kwa chembe ndogo mno zisizojua kutulia. Wakamtazama: mfupi, mwembamba, hakai kitini. Hawakuhitaji kufikiri sana.

Maabara hatukuwa nayo, kwa hiyo aliwafanya watoto wenyewe kuwa maabara. Aliwabananisha bega kwa bega, watetemeke bila kuhama: hiyo ni yabisi. Akawaambia walegee, wateleze mmoja kando ya mwenzake: kimiminika. Kisha akapaza sauti, "Gesi!" na darasa zima likatawanyika hadi pembeni, kuta zikatikisika, na upande wangu hesabu za sehemu zikayumba ubaoni. Siku moja nilimtuma kiranja akamwombe apunguze kishindo. Jibu lilirudi likiwa moto: "Mwambie gesi hujaza chombo chote ilimowekwa, na chombo hiki kina ukuta mwembamba."

Halafu likaja lile debe. Alitaka watoto waamini kwamba hewa, hata kama haionekani, ina nguvu. Akachemsha maji kidogo ndani ya debe tupu la mafuta hadi mvuke ukalijaza, akaliepua, akalifunga kizibo barabara, akalimwagia maji baridi. Debe likajikunja lenyewe kwa mlio ambao mwalimu mkuu wa wakati huo aliusikia akiwa na kikombe cha chai mdomoni. Alikuwa mtu wa tai na filimbi. Alipuliza filimbi, akaamuru shule nzima ikimbilie uwanjani, na tulipofika uwanjani tukamkuta ametutangulia.

Kamati ya nidhamu ilikaa alasiri hiyohiyo, debe likiwa mezani kama maiti.

"Mwalimu, nani kaliponda debe hili?" mkuu akauliza.

"Hewa."

"Hewa gani?"

"Hii hii unayoivuta bure, mkuu."

Tulijikaza tusicheke, tukashindwa. Kicheko chetu kilimponza. Alipewa onyo kali: majaribio yote marufuku, afundishe kitabuni, na akirudia atahamishwa. Si adhabu ndogo. Mumewe alikuwa na karakana ya baiskeli mtaa wa pili, watoto wao walikuwa bado wadogo, na mama mkwe mgonjwa alikuwa chumba cha nyuma. Mumewe alitusimulia baadaye kwamba jioni hiyo mkewe alikata vitunguu vingi kuliko vilivyohitajika, ili apate kisingizio cha macho mekundu.

Kwa muda alitii. Lakini samaki humwambii asiogelee. Akabakiza jaribio moja tu, kwa hoja kwamba halina kelele. Watoto hufumba macho. Yeye hufungua chupa ya marashi kwenye kona. Kila anayefikiwa na harufu hunyoosha mkono. Mikono huinuka kuanzia karibu kwenda mbali, na hivyo wanaona, hata wakiwa wamefumba, jinsi chembe za gesi zinavyosafiri. Wakalipenda mno, wakawa wanalicheza hata bila kuambiwa: akipita mtu mwenye sabuni mpya, mikono juu. Nilikoma kula vitunguu saumu siku za shule.

Mambo yalifichuka pale mzazi mmoja alipokuja kulalamika. "Binti yangu anarudi nyumbani ananukia kama bibi harusi. Anasomea sayansi au uchumba?" Mkuu akaagiza kamati ikae tena Ijumaa. Sote tulijua maana yake. Mwalimu Chembe akaanza kukusanya vitu vyake kwenye boksi, bila mzaha wowote, na hilo ndilo lililotutisha.

Jumatano ya wiki hiyo alikuwa ubaoni, ananakili kitabuni kama alivyoamriwa. Alipogeuka, aliona mikono ya watoto wa safu ya kando ya dirisha linalotazamana na jiko la shule imenyooka. Akafungua kinywa awakemee. Kabla hajasema, safu ya pili nayo ikanyoosha. Akanusa. Hayakuwa marashi.

Chaki ikaanguka. "Uwanjani, kupitia mlango wa mbele! Taa isiguswe!" Akagonga ukuta wangu kwa ngumi, na kwa mara ya kwanza sikulalamika, nikatoa darasa langu nyuma ya lake. Yeye akakimbilia jikoni. Mpira wa mtungi wa gesi ulikuwa umepasuka, gesi inamwagika sakafuni, na mpishi wetu, mwenye mafua ya siku tatu, amesimama na kiberiti mkononi.

"Weka chini hicho!"

"Mbona sisikii harufu yoyote?"

"Pua yako iko likizo! Toka!"

Alimpokonya kiberiti, akamvuta kwa aproni hadi nje, jitu mara mbili yake, akarudi kufunga mtungi na kufungua madirisha. Alipotoka alikaa kwenye ngazi, na mpishi ndiye aliyemletea kikombe cha maji. Mpishi alikuwa analia. "Dada, wanangu wangebaki na nani?" Mwalimu Chembe alimpigapiga mgongoni, kwa muda mrefu.

Ijumaa kamati ilikaa kama ilivyopangwa. Mkuu alikohoa, akarekebisha tai, akatangaza kwamba majaribio yanaruhusiwa "kwa kiasi". Kiasi hicho hakikuwahi kupimwa na mtu yeyote. Tangu hapo wanafunzi wake wamekuwa wauguzi, mafundi mitambo, na mmoja mwokaji mikate anayeapa kwamba mkate ni gesi iliyokamatwa.

Sasa yuko nyumbani, na mumewe ameshatuuliza kwa upole kama tunaweza kumrudisha, walau asubuhi. Dada yetu, tumekushukuru kwa kelele zako zote. Tunakuombea afya, siku ndefu zisizo na kengele, na mwenzako apewe subira.

Ila kuna jambo moja. Siku yako ya mwisho ulijisahau, ukawapa watoto kazi ya nyumbani: watafute kitu ambacho si maada, kisicho na uzito wala kuchukua nafasi. Jumatatu wameileta. Yuko aliyeandika kivuli, yuko aliyeandika usingizi, na yuko aliyeandika hasira za shangazi, kisha akafuta, kwa kuwa hizo hujaza sebule nzima. Tumewaambia umestaafu. Wamesema sawa, lakini wanataka alama zao. Madaftari yako mezani pako, na kalamu nyekundu tumekutilia wino.