Kilio cha Binti wa Chuma

Benchi letu liko kati ya saluni ya kinyozi na duka la vipuri, mahali ambapo jua huchelewa kufika na kahawa huwahi. Kinyozi tunamwita Ripota, kwa sababu kila kichwa kinachokaa kwenye kiti chake huondoka kimeacha habari. Mzee Muhuri ni karani mstaafu, na kila neno lake hulitamka kana kwamba anagonga muhuri. Breki ni dereva wa pikipiki. Jina tulimpa kwa kuwa chombo chake hakina. Kwa kawaida tunagombania mpira. Asubuhi ile tulikuwa na jambo moja tu, na mwenye jambo alikuwa katikati yetu: Chuma, fundi wa mageti, na kipande cha nondo miguuni pake. Binti yake wa miaka kumi na miwili alisimama kwenye sherehe ya shule kughani shairi. Maikrofoni ikapiga mluzi, maneno yakampotea, akaangua kilio mbele ya wazazi wote. Mtu akarekodi, akakata kile kipande cha kilio, akakibandikia sauti ya mbuzi. Kikasambaa. Wiki ya pili sasa mtoto hatoki chumbani, na mitihani inaanza kesho.

— Leo naenda hapo shuleni, alisema Chuma. Namtaka huyo mwenye simu. Nikimpata, hatanisahau.

— Twende wote, alidakia Breki. Pikipiki ina mafuta.

— Ukishampata utamfanya nini? aliuliza Mzee Muhuri.

— Nitamfundisha kulia. Kulia kwenyewe, mzee, si vipande vipande.

Ripota alitoka saluni na kitana mkononi, akamwacha mteja nusu kichwa.

— Kaka, utampiga mtoto wa watu ulale ndani bure. Huyo ni dagaa. Kuna kampuni zinanunua vilio. Nimeambiwa kwenye kiti changu hapa. Mtoto akilia vizuri, watu wanatazama; watu wakitazama, wao wanapachika matangazo.

— Matangazo gani juu ya kamasi za mwanangu?

— Ya viatu. Nimeyaona kwa macho yangu. Mtoto analia, ukitelezesha kidole, kiatu.

— Kumbe umetazama!

— Nilikuwa nachunguza.

Chuma alitema mate pembeni.

— Dada yangu aliwaandikia hao wenye mtandao. Aliripoti ile video. Unajua walijibu nini? Kwamba wameichunguza na haijavunja masharti yao. Mwanangu anadhalilishwa mchana kweupe, na hakuna sharti lililovunjika! Wakaongeza kwamba kama imemkera, anaweza kuacha kuitazama. Aache kuitazama! Yeye ndiye aliyemo ndani!

Muuza kahawa alimjazia kikombe bila kuombwa.

— Nyinyi mnaongea viatu, alisema Mzee Muhuri. Fikirini kwa mapana. Hili limepangwa. Wanataka kizazi kizima kiogope kusimama mbele ya watu. Leo mtoto anachekwa kwa shairi. Kesho hakuna wa kusimama mahakamani, hakuna wa kusimama bungeni. Nchi nzima mabubu! Na bubu hagomi, hadai, hapigi kura.

— Bubu anapiga kura, mzee.

— Anapiga, lakini halalamiki zikiibwa.

— Mimi naona ni mwanga, alisema Breki. Ule mwanga wa simu unakausha huruma. Nilimpakia abiria mmoja msomi, akaniambia huruma ni majimaji, yako nyuma ya jicho. Mtoto akitazama skrini tangu hajaota meno, yanakauka yote. Ndiyo maana mwenzao analia na wao wanacheka.

— Wewe unatazama simu huku unaendesha. Yako imekauka lini?

— Mimi navaa miwani.

— Sikilizeni, alisema Ripota, akinyoosha kitana kama fimbo ya mwalimu. Hamjui mengine. Ile sauti wameshaihifadhi. Kuna mashine inajifunza kulia. Miaka michache ijayo utasikia mwanao analia mlangoni, utafungua, kumbe ni mashine inakuuzia sabuni!

Chuma alipiga benchi kwa kiganja, vikombe vikaruka.

— Mnanipa nini hapa? Nimekuja na mtoto, mnanipa mashine na sabuni! Mwanangu anakula akiwa amejifunika shuka. Mnaelewa? Sahani inaingia chini ya shuka, inatoka chini ya shuka. Amejikata nywele kwa mkasi wa jikoni ili asitambulike. Mama yake anaishi kwa kusuka watu mtaa mzima, na mwanawe mwenyewe hana pa kushika!

Mteja wa nusu kichwa alikuwa amesogea mlangoni, anasikiliza na shuka lake la saluni shingoni.

— Lakini walimu si walikusanya simu zote? aliuliza Mzee Muhuri kwa sauti ya chini.

— Walikusanya. Wakafunga kabatini. Haya, kusema mee kunahitaji simu? Kabla hajajifungia, mwalimu akiita jina lake, darasa zima lilikuwa linageuka zizi. Watoto wa darasa la kwanza, wasiojua hata kusoma, walikuwa wakimfuata nyuma wakilia mbuzi. Hao nao niwapige?

— Subiri, alisema Ripota, akijipapasa mifuko. Tusiende kichwa kichwa. Tutafute kwanza aliyeirusha. Iko hapa kwenye grupu letu la kijiwe, tuone imetokea wapi.

Chuma alimgeukia polepole. Yeye ana simu ya vitufe, na kwenye grupu hayumo.

— Iko kwenye grupu letu?

Ripota aliinamia simu yake, kidole kikikimbia juu ya kioo.

— Iliwekwa kwa masikitiko, alisema Mzee Muhuri. Mimi mwenyewe niliandika chini yake: watoto wetu wanaelekea wapi? Kisha nikaituma kwa wastaafu wenzangu. Kwa nia njema, Chuma. Kama onyo.

— Onyo la nini? Mwanangu alikosa nini hata awe onyo?

Na hapo kidole cha Ripota, kilichokuwa kikitafuta kwa haraka, kikagusa pasipotakiwa. Simu ikapiga kelele. Kilio, kisha mbuzi.

Breki alicheka.

Hakukusudia. Kicheko kilimtoka puani pamoja na kahawa, kifupi kama chafya, naye akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Lakini tulikisikia.

Chuma alisimama na nondo yake.

— Umecheka.

— Imenipalia, kaka.

— Umecheka, Breki! Mtoto huyu kila asubuhi anakuamkia. Ulimvusha barabara ile siku ya mafuriko, ukasema huyu ni mwanangu pia. Leo umemcheka mbele yangu!

— Nisamehe. Ni ile sauti... inakuja ghafla.

— Futeni. Wote. Sasa hivi, nikiona!

Tukainama juu ya simu zetu kama watoto wanaoandika adhabu. Mzee Muhuri hakujua pa kubonyeza, akampa Ripota yake.

— Imefutika kwa wale niliowatumia pia?

— Kwako tu, mzee.

Ndipo akaja dada yake Chuma, mshonaji, pini zikiwa bado zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni. Tulimpisha nafasi, hakukaa.

— Shikamoo, dada.

— Marahaba. Weka hiyo nondo chini, mdogo wangu. Sikuja kwa ugomvi. Mtoto ameamka, ameoga mwenyewe, amekula mezani. Anasema mitihani atafanya.

Chuma aliketi kwa kishindo, akajifuta uso kwa kiwiko. Nondo ikabingiria hadi mtaroni, hakuna aliyeifuata.

— Ila ameniuliza kitu, aliendelea dada, na mimi kutwa niko kwenye cherehani, mitaa siijui vizuri. Nikasema niwaulize nyinyi mnaokaa barabarani. Anauliza kesho apite njia gani, asikutane na mtu aliyemwona.

Breki alikuwa wa kwanza, akitaka kujisafisha.

— Apite nyuma ya gereji. Hapana... wale vijana wameifanya ile sauti mlio wa simu.

— Kwa wauza nguo? alisema Ripota.

— Wanaiigiza wakiita wateja, alisema Breki.

— Kando ya ukuta wa kiwanda, basi. Kule hakuna watu.

— Ile inatokea hapa, alisema Mzee Muhuri, bila kumtazama mtu.

Dada alisubiri. Hakuuliza ili atuaibishe. Alisimama pale akiamini kabisa kwamba watu wazima, waliokaa barabarani miaka yote hiyo, hawawezi kukosa njia moja ya kumpitisha mtoto hadi shule.

— Mwambie apite hapa hapa, alisema Chuma. Nitatembea naye, nimemshika mkono. Na kesho asubuhi nisimkute mtu kwenye benchi hili!

— Sawa, alisema dada. Na mkishapita hapa?

Chuma aliangalia barabara. Kutoka pale hadi geti la shule kuna maduka, kuna kituo cha mabasi, kuna madirisha, na kila dirisha lilikuwa wazi.