Kibandiko Kwenye Foronya

Benchi lenyewe lilikuwa mbao moja ndefu iliyolazwa juu ya matofali, mbele ya karakana ya vioo, na kila asubuhi lilikaliwa na watu walewale. Upande wa mlangoni alikaa Fundi Vioo, mwenye karakana. Katikati Dokta, ambaye hakuwa daktari wa kitu chochote, ila aliwahi kupiga deki duka la dawa miaka sita akatoka na majina ya vidonge kichwani. Mwishoni Mzee Redio, mstaafu wa posta, ambaye akishawashwa hazimiki. Muuza kahawa walimwita Shangazi, na yeye hakukaa kamwe. Alimimina huku akichangia. Asubuhi hiyo Fundi alichelewa. Alikuja macho mekundu, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaifungua juu ya goti.

— Hebu nitazamieni hiki. Nimekiokota kwenye foronya ya binti yangu.

Wakainama wote. Kilikuwa kiduara laini, chembamba, kidogo kuliko kifungo cha shati, unaona mpaka ng'ambo yake. Katikati tu palikuwa pamevimba doa jeupe.

— Kiko kimoja? Dokta aliuliza.

— Viwili kwenye foronya, kimoja sakafuni. Na kioo cha chumbani kwake amekigeuza kinatazama ukuta. Shule hajaenda tangu Jumatatu, ati kichwa. Chakula namwekea mlangoni, anakichukua na kofia ya sweta imemfika puani, anarudi nacho ndani, mlango paa!

— Mama yake anasemaje? Shangazi aliuliza.

— Yuko kwa mdogo wake aliyejifungua, wiki ya tatu hii. Nikimpigia simu atapanda basi leoleo, na yule mzazi amwachie nani?

Akapokea kikombe cha kahawa, hakukinywa.

— Jikaze, Fundi, alisema Dokta. Hiyo ni dawa ya kulevya ya kubandika. Siku hizi hawavuti wala hawamezi. Ngozi ndiyo inakunywa.

— Usinitie presha, bwana!

— Naongea kitaalamu.

— Utaalamu wa ufagio huo, Mzee Redio alidakia. Yule mtoto ana mtihani mwezi ujao, si ndiyo? Basi. Hicho unakibandika nyuma ya sikio, mtu yuko nje anakusomea majibu.

— Na hilo doa jeupe?

— Betri imevuja.

Siku nyingine Fundi angecheka mpaka akohoe. Leo alikiinua kiduara kwenye mwanga, akatafuta waya.

— Wanaume mna midomo nyie, alisema Shangazi. Mimi nina shoga yangu ana sukari, kabandikwa kitu mkononi kinampima kutwa. Labda mtoto anaumwa, anakuficha asikupe mawazo.

Hili lilimwingia Fundi, kwa sababu lilifanana na kweli. Alijaribu kukumbuka kama binti amekonda. Akaona sweta tu.

Dokta naye alikuwa amekichukua. Akakinusa, akakivuta kidogo, kikavutika. Akakirudisha kwenye karatasi harakaharaka.

— Jamani. Hii siyo plastiki. Hii ni ngozi.

— Ngozi ya nini?

— Ya mtu! Kuna watu wanainunua vipande vidogovidogo, inakwenda kupandikizwa kwa matajiri walioungua. Fundi, mtoto anauza ngozi yake.

Fundi aliinuka ghafla, kahawa ikammwagikia suruali, wala hakuusikia moto wake.

— Nakwenda polisi.

— Samahani, fundi, kioo cha fremu yangu kiko tayari?

Alikuwa dada mmoja aliyeleta fremu ya picha juzi. Akafuata macho ya watu mpaka kwenye ile karatasi.

— Ah, stika za chunusi! Mdogo wangu anazo boksi zima.

— Za nini? waliuliza watatu kwa pamoja.

— Za chunusi. Unanawa uso, unakausha, unabandika juu ya chunusi iliyoiva, unalala nayo. Asubuhi imefyonza usaha, ndio huo weupe. Na vidole vinakosa pa kutumbua.

Dokta alipangusa vidole vyake kwenye suruali, mara mbili. Fundi aliketi taratibu.

— Kumbe si kitu, alisema, akashusha pumzi. Si kitu kabisa.

— Kwako si kitu. Mdogo wangu alikaa ndani muhula mzima, alikuwa hataki hata sisi tumwone. Halafu hizi zinasaidia zile za juu tu, zenye kichwa. Kuna zile za ndani, ngumu, zinazouma, hizo hata ubandike mia hazisikii. Hizo mpeleke kwa daktari wa ngozi mapema, kabla hazijamwachia mashimo. Za binti yako ni zipi?

Fundi alimtazama Dokta, Dokta akatazama kikombe chake. Mzee Redio, aliyemwona mtoto yule akipita miaka yote, kwa mara ya kwanza hakuwa na habari ya kutangaza.

— Yaani, ziko shavuni au kwenye paji la uso? aliuliza dada, akidhani hajaeleweka.

— Mimi na yeye tunaonana kwa salamu tu, Shangazi alisema kwa sauti ya chini.

— Dokta, mpe dada kioo chake, alisema Fundi. Akaondoka, nusura akimbie.

Nyumbani alibisha kwa kidole kimoja.

— Kiweke hapo mlangoni, baba. Nitakichukua.

— Sijaleta chakula, mwanangu. Nimekuja kuuliza. Zinauma?

Kitanda kikalia. Alisikia nyayo, kisha pumzi, karibu kabisa na mbao.

— Za kushoto, sauti ilisema. Za kushoto zinauma, baba. Hata kulalia siwezi.

— Vaa viatu, alisema. Twende wote.