Tundu Lililofungwa katika Kofia za Bi Alawiya

Wasikilizaji wapendwa, leo naomba mpunguze kelele kidogo huko nyumbani. Bi Alawiya wa Amu, mshona kofia, ametutoka juzi akiwa na miaka themanini na tatu.

Mwaka 1912 alikuwa binti wa miaka kumi na saba, na wepesi wa mkono wake ulikuwa gumzo la mji. Mwaka huo Mzungu mmoja alijaza ua wake vizimba vya ndege, wapelekwe kwenye bustani ya wanyama huko kwao. Mmoja alikuwa furukombe, yule tai mla samaki, aliyenaswa Shela. Kizimba kilikuwa kidogo hata asiweze kukunjua bawa. Alijipigiza kwenye vyuma mpaka akatoka damu.

Gharib, mtunza vizimba, akamwendea Bi Alawiya. "Mshone mato. Asipoona atatulia."

Binti akaona ni huruma. Kwa sindano ileile ya kofia akashona kope. Mishono saba jicho hili, saba jicho lile. Ndege akanyamaza kabisa. Ukatili ule, wasikilizaji, ulifanywa kwa mkono laini.

Tangu hapo, kila alipopita uani pale, ndege aligeuza kichwa. Akipita peku, kilimfuata. Akipita kati ya wanawake kumi, kilimfuata yeye. "Haoni, na yuwanitazama," alimwambia mamake.

Siku ya meli ya kuwachukua ndege, mchana kweupe, aliingia na mkasi. Akakata mishono saba ya jicho la kushoto. Likafunguka, likamtazama bila kupepesa. Hapo Gharib akamvuta mkono, kizimba kikapakiwa. Jicho la kulia lilisafiri limeshonwa.

Kofia zetu zina vitundu mamia, hushonwa ukingoni vibaki wazi. Katika kila kofia ya Bi Alawiya, kimoja kilifungwa. Kwa mishono saba. Mjukuu wake, Hadia, ameniambia: "Babu akiivaa yake ufukoni, furukombe waligeuza vichwa pamoja. Alitaka kulifumua lile tundu. Nyanya akamzuia: 'Liwate. Jicho la kule halijafunguliwa.'"

Kwa Hadia na jamaa wote, Mungu awape subira. Nawe uliye na kofia ya Bi Alawiya, ivue sasa, ulitafute tundu hilo kwa kidole. Ukilipata, usilifumue. Fikiri ni nani uliyemfumba macho ukidhani unamhurumia.