Miaka Thelathini na Mitatu ya Bi Mkasi, na Sahihisho la Ndoo ya Maji

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, saa kumi jioni, mhariri wa Karatasi ya Ijumaa, Bi Mkasi, anastaafu baada ya kuutumikia Umoja wa Wafanyabiashara wa mtaa wetu kwa miaka thelathini na mitatu, miezi miwili na siku ishirini na nane. Hesabu hiyo nimeifanya mara mbili, kwa sababu yeye angeifanya mara tatu.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa kuwa nimefanya kazi naye tangu Januari 1996, meza yake ikiwa dirishani na mashine yangu ya fotokopi ikiwa mlangoni. Nina kazi mbili hapa. Ya kwanza ni kumshukuru. Ya pili ni kusahihisha jambo moja ambalo mtaa mzima unalijua vibaya tangu 1998, ili asiende nyumbani na kosa ambalo si lake. Aliwahi kunikataza nisilitaje. Katika hili, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, sitamtii.

Alianza kazi Jumatatu, tarehe 2 Machi 1992, akiwa mpiga taipu. Siku hizo Karatasi ilikuwa ukurasa mmoja wa matangazo: huyu anauza, yule amepunguza bei. Watu waliipokea asubuhi na kufikia mchana walikuwa wameshaifungia sabuni. Alivumilia mwezi mmoja. Kisha akamwendea mwenyekiti wetu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamwambia kwamba mtaa una mafundi wanaojua mengi na majirani wasiojua pa kuanzia kuuliza, na kinachowatenganisha ni aibu tu. Tangu hapo kila duka likawa na zamu yake ya kuandika habari na ushauri.

Jina la Bi Mkasi alilipata mwaka huohuo. Alikuwa akipiga taipu maneno ya kila duka, akiyakata vipande vipande, kisha akivipanga na kuvibandika kwa gundi kwenye ukurasa mmoja. Mkasi aliufunga utepe akauvaa shingoni ili usipotee, na kuna siku alifika nao msibani bila kujua. Kwa kuwa pia alikata majivuno ya watu bila kuombwa, jina lilimkaa vizuri kuliko lile la kwenye kitambulisho.

Alikuwa na kanuni kwamba ushauri ni ule unaomfaa hata asiyenunua. Mwenyekiti mwenyewe alimletea wa kwake: pakeni nyumba zenu rangi inayopatikana dukani kwangu. Akamrudishia. "Huu si ushauri, Mwenyekiti. Huu ni uchumba." Mwenyekiti alinuna wiki mbili. Wiki ya tatu akaandika jinsi ya kuitambua saruji iliyozeeka kwa kuifinya kiganjani, na watu ambao hawajawahi kununua hata msumari kwake wakapita dukani kumshukuru. Mpaka leo huisimulia habari hiyo kana kwamba wazo lilikuwa lake.

Kanuni nyingine ilikuwa kuujaribu ushauri kwanza yeye mwenyewe. Fundi viatu alipoandika kwamba kiatu kilicholowa kisianikwe juani bali kijazwe magazeti na kubadilishiwa kila saa, Bi Mkasi alivichukua viatu vya mumewe, akavitumbukiza kwenye beseni, akaja navyo kazini. Saa nne mume wake aliingia ofisini amevaa ndala na suruali ya suti. "Mke wangu," alisema kwa upole, "nasikia karatasi yako leo imevaa viatu vyangu." Tulicheka mpaka mashine ikasimama. Viatu vilikauka vizuri, na ushauri ukatoka Ijumaa.

Na hakuna ukurasa uliochapwa kabla haujasomwa kwa sauti na watu wawili, mmoja ameshika maandishi ya mwenye duka, mwingine ameshika ukurasa. Ndipo alipoandika pembeni "Umesomwa" na kutia sahihi. Kipande kikidondoka baada ya hapo, kilimsubiri yeye. Hiyo ilikuwa amri, na mimi niliijua.

Sasa nafika Oktoba 1998. Tarehe nimezithibitisha kwenye shajara yangu ya mwaka huo.

Wiki hiyo bomba kubwa lilipasuka na mtaa ukakaa siku nne bila maji. Watu walichota popote walipoyapata. Mwenye duka la dawa, ambaye sote tunamwita Dokta, aliandika jinsi ya kusafisha maji ya kunywa kwa klorini. Wiki hiyohiyo ilikuwa zamu ya dobi, naye aliandika jinsi ya kung'arisha shuka nyeupe kwa klorini hiyohiyo. Mstari wa mwisho wa Dokta ulisema: matone arobaini kwa ndoo moja kubwa, koroga, subiri nusu saa. Mstari wa mwisho wa dobi ulisema: nusu kikombe kwa ndoo moja kubwa, koroga, subiri nusu saa.

Alhamisi tarehe 15, saa kumi na nusu jioni, tuliusoma ukurasa kwa sauti. Ulikuwa sahihi. Bi Mkasi alitia sahihi yake, akachukua ndoo mbili na kwenda kupanga foleni ya maji. Nikabaki kuchapa. Joto lilikuwa limeikausha gundi, na nilipouweka ukurasa juu ya kioo cha mashine, vipande viwili vya chini, vyenye mistari hiyo miwili ya mwisho, vilidondoka sakafuni. Vilikuwa na urefu mmoja. Nilipaswa kumsubiri. Nilitaka kuwahi nyumbani. Nilivibandika mwenyewe, nikachapa nakala mia mbili na themanini, na asubuhi ya Ijumaa zikagawiwa.

Jumamosi saa mbili na nusu dobi aliingia akicheka, Karatasi mkononi. "Dada, mwaka huu umeamua kunifilisi? Matone arobaini kwa ndoo nzima ya shuka? Hata leso ya mtoto haitakati!"

Bi Mkasi alicheka naye. Kisha akaacha kucheka, kwa sababu kama matone yalikuwa kwa dobi, nusu kikombe ilikuwa kwa nani? Aliichukua Karatasi, akasoma upande wa Dokta, akasimama. Alitoka kiatu kimoja hakijafungwa.

Tulitoka watatu, yeye, dobi na mimi. Tuligawana njia na kugonga mlango kwa mlango. Yeye hakuridhika kumwambia mtu kwamba kuna kosa. Alitaka nakala irudi mkononi mwake, na alitaka kuiona ndoo. Kati ya nyumba moja na nyingine nilimwambia kwamba ni mimi niliyebandika vipande vile. Hakugeuka. "Tembea kwanza," alisema. "Kulia tutalia baadaye."

Kufikia saa tisa alasiri tulikuwa na nakala mia mbili sabini na tisa. Iliyobaki ilikuwa kwenye nyumba ya mwisho kabla ya uwanja wa shule, kwa bibi mmoja aliyekuwa amempokea binti yake na kichanga cha wiki tatu. Tulimkuta bibi amekaa karibu na ndoo iliyofunikwa. Harufu tuliisikia tukiwa mlangoni.

"Karibuni. Nasubiri maji yatulie," alisema bibi. "Mara ya kwanza nilitaka kumwaga, yananuka kama sakafu ya hospitali. Nikajiuliza, mimi na Bi Mkasi nani anajua? Nikasema labda ni pua yangu, imezeeka."

Hakuna aliyekuwa ameyanywa. Bi Mkasi aliibeba ndoo ile nje, akaimwaga, akaisuuza mara tatu, kisha akaenda kwake na kurudi na moja ya ndoo mbili alizozipangia foleni. Alihesabu matone arobaini mbele ya bibi, kwa sauti, akakaa naye nusu saa nzima. Akiwa anaondoka alimwambia: "Mama, siku nyingine pua yako ikikataa, isikilize pua. Mimi ni mtu tu."

Jumatatu nilimwomba niandike kwamba kosa ni langu. Alikataa. "Sahihi iliyo pembeni ni yangu. Wewe una miaka miwili tu hapa. Wakikuchafua sasa, hutatakata hata kwa nusu kikombe." Alisema hivyo akitabasamu. Ijumaa tarehe 23 Oktoba sahihisho lilitoka ukurasa wa kwanza kwa herufi kubwa, na mwishoni aliandika: aliyesoma na kukosea ni mimi, mhariri. Mimi ndiye niliyezichapa nakala hizo, mia mbili na themanini, nikiwa nimefunga mdomo.

Ilimgharimu. Umoja ulimwondolea uhariri kwa miezi sita, na kila alichopanga kikapitiwa na mwenyekiti, mtu ambaye hakuwahi kumaliza kusoma hata risiti. Dokta alijitoa kabisa kwenye Karatasi. Alisema hataki kuua watu kwa mkono wa mtu mwingine. Bi Mkasi hakubishana naye. Kila Alhamisi alikwenda dukani kwake na ukurasa wa wiki hiyo, ingawa haukuwa na neno lake hata moja, akasubiri mbele ya kaunta wateja waishe, akamwomba ausome. Wiki za kwanza Dokta hakuugusa. Baadaye akaanza kuusoma. Baada ya miezi kumi na moja alimpa kikaratasi chenye mistari minne, kuhusu kutopimia watoto dawa kwa kijiko cha chai. Ushauri wa Dokta haujakosa zamu yake tena tangu siku hiyo.

Lakini utani ulibaki. Kwa miaka ishirini na sita, katika kila mkutano, akisifiwa Bi Mkasi, Dokta huongeza: "Isipokuwa ile Ijumaa ya ndoo." Watu hucheka. Yeye hucheka kuliko wote. Mimi huangalia viatu vyangu.

Katika mkutano wa tarehe 8 mwezi huu, tulipopanga sherehe hii, Dokta aliusema tena. Kisha mama wa duka la vitambaa akaniambia kwa nia njema kabisa kwamba kwenye wasifu niiache habari ya ndoo, tumsitiri, maana hakuna asiyekosea. Nilirudi nyumbani na neno hilo la kumsitiri. Aliyesitiriwa muda wote huo nilikuwa mimi. Kuanzia Jumatatu tarehe 2 Juni, Umoja umenikabidhi kazi ya mhariri, na siwezi kukaa kwenye kiti chake huku yeye amekaa kwenye kosa langu.

Kwa hiyo majirani wasome vizuri: vipande vya tarehe 16 Oktoba 1998 vilibandikwa vibaya na mpiga chapa, bila idhini na kinyume cha amri. Mhariri aliusoma ukurasa ulipokuwa sahihi. Hakukosea.

Mafanikio yake mengine sitayamaliza. Amehariri matoleo zaidi ya elfu moja na mia sita. Aliwafundisha mafundi saba kuandika sentensi fupi, na mmoja wao kusoma kabisa, jioni, baada ya kazi, bila mtu kujua. Kompyuta ilipoletwa mwaka 2003 aliiogopa siku mbili, na ya tatu akaikosoa. Vikundi vya simu vilipoanza, tulidhani Karatasi imekufa. Ikawa mtu akipokea ushauri kwenye simu anaupeleka dirishani kwake kumuuliza kama ni kweli.

Ukurasa huu ndio wa kwanza usiosomwa naye. Jumanne nilimpelekea Dokta, kwa kuwa lazima usomwe na watu wawili; haya ya Jumanne niliyaongeza baadaye, naye akayasoma pia. Tulisoma kwa sauti dukani kwake, mimi nikiwa na maandishi, yeye akiwa na ukurasa. Tulipofika kwenye vipande, aliacha kusoma. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaanza tena mstari uleule.

"Wewe mwanamume," aliniambia, "umeniacha nimtanie dada wa watu miaka ishirini na sita."

Hakunipa mkono. Alitia sahihi pembeni, akaniuliza Ijumaa watu wanaanza kuzungumza saa ngapi, akasema msemaji wa kwanza awe yeye, na kiti chake kiwekwe karibu na cha Bi Mkasi. Tumekiweka.

Bi Mkasi, utausoma wasifu huu ukiwa umeketi mbele yetu, ukiwa umechelewa kuukata. Tunakushukuru kwa kila mstari uliotupa fahari ya kusema "mtaa wetu". Umesema unachotaka sasa ni kulala Ijumaa moja mpaka jua liingie kitandani, na bwana wako akuletee chai. Basi ulale. Tunakuombea afya, usingizi mzito, macho yasiyochoka na nyumba yenye vicheko. Nenda ukiwa mwepesi, dada yetu. Ulichotubebea, leo tumekipokea.